Mabirika Yaliyokauka

Masomo: Yeremia 2, 13, Mathayo 5, 23–24, Yohana 13, 1–17



Nabii Yeremia alitumwa awaambie watu wa Yerusalemu ya kuwa wamefanya mabaya mawili. Wamemwacha Mungu, aliye kwao kama chemchemi isiyokauka. Tena wamejitaabisha kuchimba mabirika yao wenyewe, nayo yamepasuka, maji hayakai ndani yake. Neno hili nimelisoma tangu ujana wangu, nimelifundisha katika darasa la ubatizo, nimelihubiri mara nyingi. Lakini nakiri mbele yenu ya kuwa sikulijua vema mpaka siku ile niliposimama kwa miguu yangu ndani ya birika la namna hiyo, katika mji wa Rumi. Nawaombeni mnivumilie kidogo niwasimulie niliyoyaona, kisha tutafute pamoja neno ambalo Bwana ametuwekea ndani yake.

Mwaka uliopita nilijaliwa kufika Rumi pamoja na watumishi wenzangu wachache. Asubuhi moja tulikwenda upande wa kusini wa mji, chini ya kilima cha Aventino, si mbali na barabara ile ya kale iitwayo Via Appia. Kwa barabara hiyo mtume Paulo aliingia Rumi akiwa mfungwa, kama tusomavyo katika Matendo 28. Alipopita yeye, majengo niliyokwenda kuyatazama yalikuwa hayajakuwako bado. Yalijengwa miaka 150 na zaidi baada yake. Tukaona kuta za matofali mekundu zikisimama peke yake katika uwanja wa majani, nyingine zapita meta 30 kwenda juu. Mtu asiyejua angedhani ya kuwa ni ngome, au jumba la mfalme. Sivyo. Ilikuwa nyumba ya kuogea watu wote. Watu wa pwani huiita nyumba ya namna hii hamamu, na huko Unguja iko moja iliyojengwa zamani za Sultani Barghash. Lakini hii ya Rumi, jengo lake la katikati tu lina urefu wa zaidi ya meta 200 na upana wa zaidi ya meta 100. Aliyeijenga ni Kaisari Caracalla, nayo ilifunguliwa mwaka 216 baada ya Kristo.

Kiongozi wetu, mama mmoja wa mji ule mwenye maarifa mengi, alituongoza chumba kwa chumba. Alitueleza ya kuwa mtu alipoingia alivua nguo zake, akajipaka mafuta, akaenda uwanjani kucheza mieleka au mpira hata jasho likamtoka. Kisha alijikwangua mafuta na jasho na vumbi kwa chuma chembamba kilichopindwa kama mundu. Halafu akaingia katika chumba cha moto, ambacho kuba lake lilikuwa na upana wa yapata meta 35. Toka hapo akapita katika chumba cha vuguvugu, akafika ukumbi mkubwa wa maji ya baridi, na mwisho bwawa la kuogelea lililokuwa wazi juu. Mwandishi mmoja wa karne ya 5 aliandika ya kuwa nyumba hii ilikuwa na viti 1,600 vya marumaru vya watu wenye kuoga. Kuta zilivikwa mawe ya rangi yaliyoletwa kutoka nchi za mbali, na kila mahali zilisimama sanamu kubwa. Katika nyumba za namna hii malipo ya mlangoni yalikuwa madogo sana, hata maskini aliweza kuingia.

Kwenye ukingo wa bwawa nililiona jiwe la marumaru lenye vishimo vingi vilivyopangwa safu kwa safu. Nikakaribia, nikacheka, maana nilidhani naliona bao. Kumbe watu wa zamani walikaa hapo wakicheza, miguu yao ikiwa ndani ya maji. Moyo wangu ukawapenda. Nalijua sasa ya kuwa walikuwa watu kama sisi, wenye kupenda maneno na mchezo na kupumzika baada ya kazi.

Msidhani basi ya kuwa nataka kulaumu kuoga. Tertullianus, mwalimu wa Kanisa katika Afrika ya Kaskazini, aliandika mwaka 197 kuwajulisha wapagani ya kuwa Wakristo hawajitengi na maisha ya watu, hata sokoni huenda, hata katika nyumba za kuogea huingia. Maji ni kipawa cha Mungu, na usafi ni jambo jema. Neno langu ni jingine. Nalo lina sehemu tatu.

Neno la kwanza: Maji yaoshayo mwili hayaufikii moyo.

Tulipokwisha kuzunguka, kiongozi wetu alituketisha juu ya mawe, akatueleza habari za mwenye nyumba. Baba yake Caracalla alikuwa Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Afrika, wa mji wa Leptis Magna katika nchi ya Libya. Alikuwa na wana wawili, Caracalla na mdogo wake Geta, nao walichukiana tangu utoto. Mzee alipokaribia kufa katika mji wa York huko Uingereza, mwaka 211, aliwausia wapatane. Akafa, wakarudi Rumi, wakaligawa jumba la baba yao, kila mmoja akaweka walinzi katika milango yake. Mwaka haukuisha. Caracalla alimdanganya mama yao awaite wote wawili chumbani mwake ili wapatanishwe. Na Geta alipoingia, askari wakamrukia. Akamkimbilia mama yake, akamshika shingoni, naye akauawa mikononi mwake, damu ikimtapakaa mama. Ndivyo alivyoandika Cassius Dio, aliyekuwa mtu wa baraza la Rumi siku zile zile. Naye asema ya kuwa watu yapata 20,000 waliohesabiwa kuwa wa upande wa Geta waliuawa vilevile.

Lakini hata hayo hayakumtosha. Alitoa amri jina la mdogo wake lifutwe mahali po pote lilipoandikwa. Mafundi wakazunguka na patasi zao. Katika uwanja wa kale wa Rumi liko tao la ushindi lililojengwa mwaka 203 kwa heshima ya baba na wanawe. Nililiona kwa macho yangu. Mahali lilipokuwa jina la Geta pamechimbwa, pakajazwa maneno mengine. Hata hivyo matundu ya herufi za kwanza yaonekana, na wenye elimu waweza kulisoma jina lililofutwa.

Basi, mkono ule uliofuta jina la ndugu ndio uliojenga hamamu. Alijenga nyumba kubwa ya kuoshea watu, na damu ya ndugu yake haijakauka. Tena sikilizeni neno hili la ajabu. Mwaka 213 Caracalla alitoka Rumi kwenda vitani, wala hakurudi tena. Nyumba yake ilipofunguliwa mwaka 216, yeye alikuwa mbali, upande wa mashariki. Mwaka 217, karibu na mji wa Karra, ndio Harani ule aliokaa Ibrahimu na baba yake Tera, aliuawa njiani na askari wake mwenyewe. Maji aliyowatengenezea maelfu ya watu, yeye hakuyaoga.

Hapo, ndugu zangu, nilitaka kuinuka niende mbele, kwa maana neno hili lilianza kunichoma. Nitawaambia sababu, ijapokuwa naona haya.

Ninaye mdogo wangu, mwana wa mama yangu. Vihamba vyetu vyapakana, na mfereji mmoja wavinywesha vyote viwili. Ninyi mkaao mlimani Kilimanjaro mwajua mambo ya mfereji, ndio mfongo. Mwajua zamu za maji, na jinsi mtu anavyoweza kuamka usiku wakati wa kiangazi aende kutazama kama maji yake hayakugeuzwa. Katika kiangazi kimoja mdogo wangu aliyageuza maji katika zamu yangu. Nilimshitaki kwa wazee, nikashinda, akatozwa. Haki ilikuwa yangu. Lakini tangu siku ile sikumwamkia, wala yeye hakuniamkia. Kanisani yeye aliketi upande wa mlango, nami mbele. Alipokuja kwenye Meza ya Bwana, mimi nilijifanya natafuta ukurasa katika kitabu. Miaka mitatu ikapita hivyo. Mama yetu mzee alikuwa akitupelekea ndizi za mgomba mmoja, nusu kwangu na nusu kwake, akitumaini ya kuwa tutaulizana habari zake. Hatukuulizana.

Kisha mwanangu akafika siku yake ya kipaimara, nikaketi na mke wangu kuandika majina ya watu tutakaowaalika. Mke wangu aliandika jina la shemeji yake mahali pake, baada ya jina la mama. Mimi nikachukua kalamu, nikalifuta. Mke wangu hakusema neno. Akalitazama karatasi lile, akainuka akaenda jikoni. Na Jumapili ile ile nilihubiri.

Sasa nilikuwa nimeketi juu ya jiwe la Kaisari, nikisikia habari za patasi, nikaikumbuka kalamu yangu. Nilijaribu kujitetea moyoni: Mimi sikuua mtu. Lakini mtume Yohana, aliyetukumbusha habari za Kaini katika waraka wake wa kwanza, hakutuachia nafasi kubwa kati ya kumchukia ndugu na kumwua. Bwana Yesu naye aliwaambia Mafarisayo habari za kikombe kilichosafishwa kwa nje, na ndani kimejaa uchafu. Mimi nalikuwa kikombe hicho. Nje, kanzu nyeupe; ndani, jina lililofutwa.

Neno la pili: Birika halina maji yake lenyewe.

Nalimwuliza kiongozi wetu, “Nyumba hii iliharibikaje?” Nilidhani atasema moto, au vita vya kubomoa. Yeye akanyosha mkono wake upande wa milima ya mashariki, akasema ya kuwa maji yote ya hamamu yalitoka huko. Rumi ulikuwa na mfereji mmoja mkubwa uitwao Aqua Marcia, uliojengwa mwaka 144 kabla ya Kristo, wenye urefu wa yapata kilometa 91. Caracalla alitengeneza tawi la mfereji huo, akalileta mpaka kwenye mabirika nyuma ya nyumba yake. Toka mabirika maji yakashuka kwa mabomba chini ya sakafu, yakajaza vyumba vyote. Miaka zaidi ya 300 yakawa hivyo.

Lakini mwaka 537 jeshi la Wagothi likauzingira mji, na mfalme wao Vitiges akaamuru mifereji ikatwe huko nje. Hawakuhitaji kugusa ukuta mmoja wa hamamu. Kuba lilikuwa mahali pake, marumaru mahali pake, sanamu mahali pake. Ila maji hayakuja. Basi, siku ile nyumba ikafa. Hakuna aliyeoga tena. Baadaye wakazika watu katika uwanja wake. Matetemeko yakaiangusha dari. Watu wakachukua mawe yake kujengea nyumba nyingine: mabirika yake mawili makubwa ya mawe sasa ni chemchemi za uwanja mmoja wa mjini, nguzo moja imepelekwa hata Florence, na sanamu zake zilizochimbuliwa katika karne ya 16 zimo katika nyumba ya makumbusho ya Napoli. Zimebaki kuta, na njiwa.

Ninyi mlioshika jembe mfano huu mwaujua kuliko Warumi. Mtu aweza kuwa na kihamba kizuri, migomba yake imepandwa kwa safu, boma lake limefungwa vema. Lakini kama mfereji umekatwa huko juu msituni, maji hayatamfikia, hata akichimba kidimbwi kipana namna gani. Na tena haoni siku ile ile. Majani hukaa kijani siku kadha wa kadha. Mpita njia asema, Kihamba hiki kinapendeza. Kumbe mizizi imekwisha kuona kiu.

Ndivyo ilivyo kwa Mkristo, ndivyo ilivyo kwa usharika. Uhai wetu hautoki kwetu. Watoka kwa Mungu, wapita katika Neno lake na Sakramenti zake, wafika kwetu kwa neema tupu. Ubatizo wetu si maji tu. Ni maji yaliyofungamana na Neno la Mungu, kama tulivyojifunza sote katika Katekisimo Ndogo. Luther aliiandika mwaka 1529 kwa ajili ya watu wa nyumbani na walimu wao. Yeye naye, alipokuwa mtawa kijana, alikwenda Rumi akitafuta kutakaswa. Akapanda kwa magoti ngazi zilizohesabiwa kuwa takatifu, akazunguka katika makanisa mengi, akarudi na moyo ule ule wenye kiu. Hata baadaye Mungu akamfungulia chemchemi katika Waraka kwa Warumi. Ndipo alipofundisha ya kuwa ubatizo si jambo la siku moja: kila siku mtu wa kale ndani yetu azamishwe kwa toba, na mtu mpya afufuke.

Basi ni nini kiukatao mfereji? Si Mungu aliyeukata. Mara nyingi ni mkono wetu wenyewe. Mwenye kuacha kusali aukata. Mwenye kulisikia Neno kwa ajili ya kuwahubiri wengine tu, asilisikie kwa ajili yake mwenyewe, aukata. Na hili nawaambia hasa walimu wenzangu, maana ni ugonjwa wetu. Na mwenye kumfunga ndugu yake moyoni aukata pia, maana Bwana ametufundisha kuomba tusamehewe kama sisi tusamehevyo. Tena amesema wazi: ukileta sadaka yako madhabahuni ukamkumbuka ndugu mwenye neno juu yako, iache sadaka hapo hapo, uende kwanza. Hakusema tuulize haki ni ya nani. Mimi miaka mitatu nilikuwa na haki yangu mkononi kama karatasi ya hukumu ya wazee, na kihamba cha moyo wangu kilikuwa kikikauka. Nilihubiri, watu wakasema, Leo mwalimu amesema vema. Yalikuwa majani mabichi ya siku za kwanza.

Neno la tatu: Yuko nani chini ya sakafu?

Kabla hatujaondoka tulishushwa chini ya nyumba. Huko ziko njia ndefu za matofali, pana kiasi cha kupita gari la kukokotwa na wanyama. Katika njia hizo watumwa walileta kuni, wakachochea matanuru, wakaangalia mabomba. Sakafu za vyumba vya moto zilisimama juu ya nguzo fupi za matofali, na hewa ya moto ilipita chini yake na ndani ya kuta. Juu, mtu alijinyosha na kusema, Leo ni vuguvugu zuri. Chini, mtumwa alikuwa gizani katika moshi, jasho likimtoka pasipo mchezo wala mafuta. Wa juu hakumwona wa chini. Jina la Kaisari tunalijua. La mchochea tanuru hata mmoja hatulijui.

Hapo nikamkumbuka Bwana wetu usiku ule aliotolewa. Alijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake. Je! Aliye na vyote mikononi atafanya nini? Caracalla alipopata vyote, alimwua ndugu yake, kisha akajenga nyumba iitwe kwa jina lake. Yesu alipokuwa na vyote, aliinuka, akavua vazi, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akapiga magoti. Alichukua kazi ya mtumwa wa chini ya sakafu. Akaishika miguu ya Petro, ambaye atamkana. Akaishika na miguu ya Yuda. Petro akakataa, na Bwana akamjulisha ya kuwa asipooshwa naye hana sehemu pamoja naye. Kisha akasema tufanye vivyo hivyo sisi kwa sisi.

Hii ndiyo hamamu ya kweli, ndugu zangu: bakuli moja, kitambaa kimoja, na Bwana aliyepiga magoti. Haina kuba wala marumaru. Lakini maji yake hakuna Mgothi awezaye kuyakata, kwa kuwa yatoka katika ubavu wake yeye aliyetufia.

Siku yetu ya mwisho katika Rumi tuliingia katika hamamu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza, iliyojengwa na Kaisari Diocletianus. Huyu ndiye aliyeanza mwaka 303 kuwatesa Wakristo kwa mateso makali, akayabomoa makanisa, akaamuru Maandiko yachomwe moto. Nyumba yake nayo ilikauka mifereji ilipokatwa. Lakini katika karne ya 16 ukumbi wake mkubwa ulifanywa kanisa, kwa mpango wa fundi Michelangelo. Kazi ilianza mwaka 1561. Nguzo kubwa za mawe mekundu za Kaisari ziko mahali pake hata leo, na chini yake watu hukaa wakiomba. Nilisimama hapo nikasema moyoni: Kama Bwana ameweza kuichukua nyumba iliyokauka ya mtesi, akaijaza sifa zake, hashindwi na moyo wa mwalimu mmoja wa Kilimanjaro.

Basi nikarudi nyumbani. Nitawaambia yaliyofuata kwa maneno machache. Siku ya pili yake, kabla sijatawanya zawadi wala kuwasimulia watu habari za safari, nilikata jani la isale, kama wazee wetu walivyofanya walipotaka kuomba amani, nikavuka mfereji. Mdogo wangu alikuwa akinoa panga mlangoni. Akaliona jani mkononi mwangu, akaacha kunoa. Nilikuwa nimetengeneza maneno mengi katika ndege, yote yakanipotea. Nikasema tu, “Nalilifuta jina lako. Nisamehe.” Hakujua nasema habari gani, maana hakuna aliyemwambia habari za karatasi lile. Lakini akalipokea jani. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Kaka, karibu ndani. Chakula ki tayari.”

Mke wake akaleta maji ya kunawa. Mwajua desturi: mdogo ndiye ammiminiaye mkubwa. Mdogo wangu akanyosha mkono kulichukua jagi, nami nikamtangulia. Nikashika jagi na beseni, nikammiminia yeye kwanza. Akakataa kama Petro, nikamwomba, akanyosha mikono yake. Mikono yake ilikuwa ya baba yetu kabisa, nami miaka mitatu sikuitazama. Maji yakawa machache katika beseni, pengine kikombe kimoja na nusu. Lakini nawaambieni kweli, siku ile nilioga.

Mambo ya zamu za maji hatujayamaliza yote. Wazee bado watatusaidia. Mama anaendelea kutuletea ndizi, ila sasa huzileta mkungu mzima katika nyumba moja, akisema tutagawana wenyewe.

Ndugu mpendwa usomaye, labda na wewe unalo jina ulilolifuta. Labda ni la ndugu, au la mke, au la mzee mwenzako wa kanisa, au la mwalimu aliyekutangulia katika kazi. Labda haki ni yako kweli. Nakusihi, usiingoje safari ya Rumi. Usiangalie jinsi majani yako yalivyo mabichi leo. Panda juu ukautazame mfereji. Na ukiona ya kuwa mkono wako ndio uliouziba, liondoe jiwe kabla jua halijachwa. Kisha nenda ukabishe hodi. Pengine hutapokewa kama mimi nilivyopokewa. Pengine utafukuzwa mlangoni. Hata hivyo nenda, kwa maana Bwana aliiosha hata miguu iliyokuwa tayari kuondoka ili kumsaliti.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyejifunga kitambaa kwa ajili yetu, tuoshe, maana sisi wenyewe hatuwezi. Utusamehe kwa ajili ya majina tuliyoyafuta, wewe uliyeyaandika yetu katika kitabu cha uzima. Fungua tena mifereji tuliyoiziba, Neno lako lishuke, lifike hata mizizini. Walimu wako uwape kuyanywa kwanza maji wanayowagawia wengine. Na siku ile utakapotuita, utukute tukiwa ndugu. Amin.